Ndama wa Mzee Kipkosgei na Sheria ya Roma

Jumatatu, 10 Januari 1972
Shule imeisha. Nina mpango! Marehemu nyanya aliniachia ng'ombe, anatunzwa kwa Mzee Kipkosgei huko Silibwet. Ndiyo desturi ya kimanagan: maziwa ya mzee anayemtunza, ndama wetu. Ndama jike amekua. Bila kumuuza, sitaona chuo cha taipu Kericho. Mjomba Kipyegon anasema tungoje. Ataenda kunywa maziwa, wazungumzie mvua, mzee mwenyewe atataja ndama. Labda ziara ya tatu. Ya tatu! Kitabu alichoniachia mwalimu wa historia kinasema Warumi waliuliza tu, "Unaahidi?" Mwenzako akajibu, "Naahidi." Amefungwa! Siku hizi karatasi, sahihi, stempu. Roma ilitaka mdomo.

Jumatano, 12 Januari
Nilifika kwa mzee. Mdomo haukufunguka. Mzee akauliza kama nimetumwa chumvi. Nikasema ndiyo. Nimerudi na chumvi. Bonareri, jirani niliyemaliza naye shule, anachuma chai pale. Amecheka mpaka akamwaga majani. Kitabu kinasema bubu hakuweza kufunga mkataba huo. Sikumwambia.

Ijumaa, 14 Januari
Nimesema! Mbele ya wachumaji wote: mzee, unaahidi kunipa ndama wangu? Akasema ndiyo, mtoto wangu, kwani ni wa nani? Mchukue, kamba ile pale.

Ndiyo! Lakini kitabu kiko wazi: jibu lirudie neno la swali, la sivyo hakuna mkataba. Nikakataa kamba. Aseme "Naahidi." Akasema hajawahi kuapishwa na mtoto. Bonareri akanong'ona nishike kamba, mjinga wewe. Sikushika! Mzee akamfunga ndama tena. Kisha akauliza, na wewe, unaahidi kunichumia chai mpaka Pasaka? Hatimaye, swali sahihi! Nikajibu mbio, aone mfano: "Naahidi!"

Wachumaji walipiga makofi.

Jumatatu, 17 Januari
Kikapu mgongoni tangu asubuhi. Vidole vyeusi. Bonareri amekipekua kitabu: msichana wa Roma hakuweza kujifunga bila mlezi. Ukurasa huo niliuruka. Nitauruka tena. Nimeahidi, nimeahidi! Mjomba anasema mzee bado anatungoja, twende pamoja, tunywe maziwa, ndama yuko tayari. Nimekataa katakata. Leo tukipima majani nimemuuliza mzee mara tatu. Mara tatu amejibu ndiyo.

Anaanza kulegea.