Nyota Tatu na Kifuniko Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Rasimu ya makala ya galaksi iko mezani. Kaiandika Miwani, mtaalamu wetu. (Ana miwani moja puani, nyingine kichwani, na bado huuliza miwani yake iko wapi.) Nimetafuta jina langu ukurasa wa kwanza. Halipo. Ukurasa wa mwisho: tunawashukuru mafundi. Mafundi! Fundi ni mimi peke yangu! Miaka kumi na minne naendesha darubini hii, elimu yote ya vitabu vya kuazima, leo nimekuwa wingi.

Na jana baba mkwe kaniuliza, mbele ya mashemeji, kama bado napangusa kile kioo.

Basi. Nitagundua kitu mwenyewe.

Nimeanza kwa kufuta picha za giza kwenye ratiba. Kazi yenyewe hii: unafunga kifuniko cha darubini, unapiga picha ya giza tupu, ili kasoro za kamera zijulikane na ziondolewe kwenye picha za kweli. Dakika arobaini kila siku! Dakika arobaini ni galaksi kumi zaidi. Nitatumia picha za giza za mwaka jana. Giza ni giza.

Jumatano, 5 Machi
Mungu mkubwa! Galaksi tatu, na kila moja ina nukta angavu isiyokuwepo kwenye picha za zamani. Nyota zimelipuka! Galaksi moja hupata mlipuko kama mmoja kwa miaka mia. Nimepiga hesabu ya uwezekano wa kupata mitatu kwa mkupuo. Sifuri zimejaa mstari mzima. Mwingine angetia shaka. Mimi naona ni haki yangu ya miaka kumi na minne, imekuja kwa jumla. Halafu zimekaa vizuri: zote kulia mwa picha, juu kidogo ya katikati.

Miwani kaja na bahasha mkononi, anaulizia picha. Nimemwambia kompyuta imeingia virusi. Kanipa pole. Kauliza kama nimekula, akaniachia nusu ya mkate wake, akaondoka na bahasha yake. Mkate nimeula.

Kanuni inataka picha ya pili kabla ya kutangaza. Lakini picha ya pili ingepita mezani kwa Miwani! Nimetuma tangazo kwa vituo vyote duniani. Jina langu tu. Herufi kubwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kamwambia baba yake. Mzee kanipigia mwenyewe, kaniita mwanangu. Mara ya kwanza tangu harusi! Kauliza kama nyota moja inaweza kupewa jina la ukoo wake. Nimemwambia achague yoyote.

Ijumaa, 7 Machi
Natamani ardhi ipasuke.

Vituo sita viligeuza darubini zao. Hakuna aliyeona kitu. Mkurugenzi kaniita, Miwani alikuwa ndani. Ndiye aliyezibandika picha zangu tatu kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Nukta tatu zikawa moja. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, picha za giza za wiki hii ziko wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

Kumbe ni kijidoa kimoja kibovu ndani ya kamera. Kimeharibika mwaka huu, kwa hiyo giza la mwaka jana halikukijua. Galaksi tatu, kijidoa kimoja, mjinga mmoja.

Miwani akasema kosa ni lake, angekagua ratiba. Sikujua niweke wapi uso. Mkurugenzi akafungua bahasha ile ya Jumatano: rasimu mpya. Jina langu lilikuwa la pili, chini ya la Miwani! Alikuwa ananiletea nilione. Mkurugenzi akalikata. Mstari mmoja. Nilisikia kalamu.

Nimeandika mwenyewe tangazo la kufuta tangazo. Sasa jina langu limechapishwa mara mbili.

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe kaja. Suti. Nimemweleza yote, macho sakafuni. Kamaliza chai yake. Kisha kauliza kama kioo bado nakipangusa. Nikasema ndiyo, baba. Akasema basi nikipanguse vizuri.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeapa. Sifichi tena, sikimbilii sifa tena. Miwani kasema nikipiga picha za giza mwezi mzima bila kuruka hata siku moja, atalipigania jina langu lirudi. Sistahili. Nimemshukuru hadi akaona aibu yeye.

Nimefunga kifuniko. Picha sitini za giza, nimezikagua moja moja. Ya thelathini na saba ina nukta. Angavu! Si pale penye kijidoa kibovu. Nimepima mara mbili, maana sasa nimejifunza. Kifuniko ni cha chuma, unene milimita nne.

Sasa ni nyota gani hii inayopenya chuma?

Miwani anabisha hodi, anauliza kama picha ziko tayari. Nimemwambia kompyuta imeingia virusi.