Koti Jeusi la Mgombea Aliyekosa Msiba

Kitongoji cha Juu, Daa,
Karatu.

Ndugu Mtendaji wa Kijiji,

YAH: WANANCHI KUNINYIMA NAFASI YA KUJITAMBULISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Vedasto Tluway, mpishi mstaafu wa loji. Nimerudi nyumbani baada ya miaka ishirini na mbili na ninagombea uenyekiti wa kitongoji. Nautaka kweli, maana kwa sasa hata mbwa wa jirani hunibwekea kama mgeni, na inaniuma.

Nilipouliza pa kuanzia, kila mtu aliniambia nianze na misiba: nifunge maturubai, nipasue kuni, kisha niombe dakika mbili za kutoa rambirambi. Nikanunua koti jeusi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu ninunue koti, miezi minne sasa, hakuna aliyefariki kitongojini. Sina nia mbaya na mtu, ila uchaguzi una tarehe.

2. Nilikwenda msiba wa kitongoji cha pili, nikapasua kuni mpaka viganja vikachubuka. Nilizungumza vizuri, watu wakalia. Baadaye nikaelezwa kuwa wale hawapigi kura kwetu.

3. Hili ndilo zito. Jirani yangu Mzee Naftali alikuwa mahututi, padri alishampa mpako wa wagonjwa. Kila asubuhi nilimpelekea uji na supu ya kuku, ili siku ikifika nisionekane nimezukia msibani. Mzee akanenepa. Jana nilimkuta akipalilia mbaazi. Wanawe wananishukuru, lakini wako wanne tu na hakuna kipaza sauti.

4. Mpinzani wangu Angela ameshahudumia misiba tisa, tangu enzi zile watu wa hapa wakifariki kwa utaratibu.

Hivyo naomba misiba yake ya zamani isihesabiwe, au uchaguzi usogezwe mbele mpaka nami nipate mmoja, hata mdogo.

Wasalimie nyumbani na wote ofisini. Nawatakia afya njema ya kiasi.

Ni mimi, mgombea niliye tayari,
Vedasto Tluway

N.B. Barua hii anakuletea Mzee Naftali mwenyewe, kwa miguu. Anakuja kuchukua fomu ya uenyekiti. Asubuhi ameniomba nimdhamini, akisema hapa kitongojini hakuna anayemjua kuliko mimi. Nimekubali. Naomba umpige picha ya fomu vizuri, koti alilovaa ni langu.