Majike Kumi, Masikio Yote Yaonekane

Jumatatu, 8 Julai

Nimepata wazo! Limenijia studio, nikiwa namwambia mteja ainue kidevu, asicheke, masikio yote mawili yaonekane. Ukuta wa maktaba! Kila mwaka mkutubi humpa mpiga picha mmoja ukuta ule mrefu wa mlangoni, na mji mzima hupita hapo. Mwaka juzi alipewa shemeji. Mwaka jana shemeji tena. Simba dume na manyoya yake, tausi dume na mkia wake, kondoo dume na mapembe yake.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Ana lenzi ndefu kama bomba la maji, na mbele za watu huniita Bwana Pasipoti. Ni kweli kwamba maisha yangu yote nimepiga picha za pasipoti. Lakini jina hilo linaniuma, niseme ukweli.

Sasa basi. Majike! Nani anawapiga picha majike? Hakuna! Nusu ya wanyama wa dunia wapo tu, hakuna anayewageukia. Nitapiga kumi, kila mmoja wa aina yake, wa kufugwa na wa porini. Ukuta ukiwa wangu, tutaona shemeji ataniita nani.

Mkutubi nimempigia simu. Amesema nipeleke kazi Jumamosi, na shemeji atapeleka yake, naye mkutubi ataamua siku hiyohiyo. Mke wangu amesema wazo ni zuri, ila nisiguse shuka zake. Sijui amejuaje.

Jumanne, 9 Julai

Kazi imeanza kwa jirani yetu muuza maziwa. Nimechukua shuka moja tu, ile nyeupe pe. Bila nyuma kuwa nyeupe hiyo si picha, ni fujo.

Ng'ombe: safi. Ametazama mbele, mdomo umefungwa, hana wasiwasi. Wateja wangu wote wangekuwa hivi! Ila amekula kona ya shuka. Punda: masikio yote mawili yameonekana, na yamebaki mengine. Kanga amenitoa jasho. Macho yake yako pembeni, kila nikitaka uso napata shavu. Nimemzunguka, naye akanizunguka, mpaka muuza maziwa akaenda kukaa kivulini.

Aliporudi akauliza kwa nini sipigi kiwele cha ng'ombe, maana ndicho fahari yake. Nikamjibu kwa upole kwamba picha ni kichwa na mabega. Mteja akija studio, nampiga tumbo? Akarudi kivulini. Nadhani ameelewa.

Mama mkwe amewasili na begi kubwa. Nyumba yake inapakwa rangi, atakaa kwetu wiki hii. Alikuwa mwalimu wa biolojia, amestaafu, lakini macho yake hayajastaafu. Ameuliza shuka nyeupe aliyotuzawadia siku ya harusi iko wapi. Nimesema inafuliwa.

Jumatano, 10 Julai

Bustani ya wanyama. Na nani yuko pale, miguu mitatu ya kamera imesimama mbele ya banda la fisi? Shemeji! Akapaza sauti kumsalimia Bwana Pasipoti. Watu wakageuka. Nikajikaza kisabuni. Akajigamba kwamba leo amepata fisi dume la kutisha, mwili mzima, kuanzia pua hadi mkia, na ndilo litakalokaa katikati ya ukuta. Nikamtakia kila la heri. Sikumaanisha.

Mtunza wanyama nimemwomba anioneshe majike, maana sitaki kubahatisha. Chui jike, pundamilia jike, mamba jike. Alikubali hata kuning'iniza shuka nyuma ya pundamilia. Nilipomwomba amwambie chui ainue kidevu, alisema nimwambie mwenyewe. Nimemwambia. Chui alinitazama kwa namna ambayo nilipiga picha moja tu nikaona inatosha.

Mamba hana mabega ya maana. Nimekadiria.

Alhamisi, 11 Julai

Hifadhini! Upepo mzuri, nyasi ndefu, moyo mweupe. Dereva wa gari la watalii alikataa katakata nishuke, kwa hiyo shuka niliitoa dirishani kwa fimbo. Tembo jike alikuja karibu na mtoto wake. Mtoto alikuwa anang'ang'ania kunyonya, akiingia kwenye picha kila dakika. Nimesubiri mpaka akasogea. Uso mtupu, mzuri sana, wa kiofisi. Kiboko jike: kichwa tu ndicho kilichokuwa juu ya maji. Huyo anaijua kazi!

Kisha nyani. Jike, amembeba mtoto tumboni. Akaruka juu ya gari, akaitazama shuka, akaitaka, akaichukua. Hivyo tu! Nilivuta upande wangu, naye akavuta upande wake, na ana mikono yenye nguvu kuliko yangu. Akapanda nayo mtini, akajifunika mabegani kama bibi aliyetoka kuoga, akanitazama usoni moja kwa moja. Nyuma nyeupe! Kidevu juu! Nikapiga. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani. Mtoto alichungulia chini ya shuka, lakini nimemkata. Pasipoti ni ya mtu mmoja.

Nyumbani nimesema shuka bado haijakauka.

Ijumaa, 12 Julai

Tisa tayari, bado wa kumi. Nimehangaika mtaa mzima. Paka wa jirani alikimbia.

Nimerudi nimechoka, nikamkuta mama mkwe barazani na kitabu chake. Mbu akatua kwenye shavu lake. Nikainua mkono kumsaidia, naye akanizuia. Akasema, bila kusogeza mdomo, kwamba huyo ni jike, kwa sababu dume haumi binadamu, chakula chake ni utamu wa maua. Jike! Nikapiga magoti. Nikamwomba mama mkwe, kwa heshima zote, asimpige. Alikaa kimya kama maji mtungini, mbu akinywa, tumbo likijaa jekundu. Alichosema tu ni kwamba mkwe wake afanye haraka, mgeni anashiba.

Nimepata! Mbu mzima, kwa sababu ni mdogo mno, kichwa chake peke yake kisingeonekana. Kidogo nimesikitika.

Mama mkwe ameomba kuona zile tisa. Amezitazama moja moja. Akauliza mtazamaji atajuaje kwamba hao ni majike. Nikacheka, nikamwambia mimi najua. Amerudi kwenye kitabu chake akijikuna shavu.

Jumamosi, 13 Julai

Nimevaa suti. Mke wangu na mama mkwe wamenisindikiza. Shemeji alikuwa amefika kabla yetu, na fisi wake mkubwa kama mlango.

Mkutubi alipanga picha zangu juu ya meza. Akasifu usafi wake. Kisha akauliza swali lilelile. Huyu ng'ombe, watu watajuaje ni jike? Nikasema kwa upole wa macho. Na tembo? Nikaeleza kwamba alikuwa na mtoto kabisa, ananyonya, ila nilisubiri asogee. Na nyani? Alikuwa na mtoto pia, nimemkata. Mkutubi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta wenyewe akapewa yeye.

Iliniuma. Mke wangu alinishika mkono, na hapo ndipo iliponiuma zaidi.

Ikabaki mbu. Mkutubi akaiinua, akauliza. Mama mkwe akajitokeza, shavu lingali limevimba, akatoa somo: jike ndiye anayeuma, na hii hapa damu, na damu ni yangu. Mkutubi akafurahi sana. Akanipa nguzo! Nguzo moja, karibu na bomba la maji ya kunywa, na akaandika juu yake kwa mkono wake: MAJIKE.

Mama mkwe hakukaa. Alisimama mbele ya fisi wa mwanawe, aliyekwisha kutundikwa ukutani. Akamwambia kwamba huyu ni mama wa watu. Shemeji akabisha, akaonesha kwa kidole, chini ya tumbo. Mama akasema kwa sauti ya darasani, mbele ya watu wote, kwamba fisi jike ana umbo la kudanganya hapo, wengi hukosea, ila atazame haya matiti mawili, yamenyonyesha juzi tu, na yeye alimfundisha hayo nyumbani na shuleni pia. Shemeji alitamani ardhi ipasuke. Mkutubi akalishusha fisi, akalileta kwenye nguzo yangu.

Kwa hiyo maonyesho yangu yana picha mbili. Moja ni yangu.

Jumapili, 14 Julai

Watu wamejaa kwenye nguzo! Wanakuja kunywa maji, wanabaki kushangaa mbu. Mama mkwe amekaa kando kwenye kiti, anaonesha shavu kwa kila anayeuliza. Shemeji alipita, akanisalimia kwa jina langu. Jina langu kamili! Nimeshiba bila kula.

Mkutubi amenivuta pembeni. Amesema mwakani ukuta unaweza kuwa wangu wote, ila nipige mnyama mzima, mwili wote, asirudie kuniambia. Nimemhakikishia kwamba nimemwelewa vizuri sana.

Kesho alfajiri naanza na twiga jike. Kichwa na mabega tu. Tatizo ni kwamba kichwa kiko kule juu na mabega yako huku chini, lakini nimeshapata ufumbuzi: shingo nitaikata.