Vumbi ni Mali ya Umma

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichokwaruza masikio ya kila mtu, kwamba enzi ya mafundi kudhurika na madini ya risasi imefikia ukomo. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyetangaza, akiwa amesimama mbele ya jengo kuukuu la idara yake, ambalo mafundi walikuwa wakilikwangua rangi ya zamani ili lipakwe mpya.

"Rangi hii ya zamani ina madini ya risasi," alisema. "Jengo ni la umma. Rangi ni ya umma. Vumbi lake, kwa hiyo, ni mali ya umma. Kuanzia leo, yeyote atakayekutwa na madini hayo kwenye damu atahesabika ametorosha mali ya umma, na hatatoka getini mpaka aeleze ameyapataje."

Kamati ya Ulinzi wa Damu ya Mafundi ikapiga makofi. Wajumbe walikuwa wamerudi juzi tu kutoka semina elekezi hotelini, na mikoba ya semina bado ilikuwa mabegani.

Mkurugenzi alijisikia vizuri mno. Watu wa afya walikuwa wamemchosha na ushauri wao: sijui ukuta ulowanishwe kabla ya kukwanguliwa ili vumbi lisiruke, sijui barakoa, sabuni, bafu. Maji! Maji yangechafua maegesho, na kwenye maegesho kulikuwa na gari lake. Akapiga marufuku maji. Njia yake haikulowanisha kitu: fundi akiogopa kukamatwa, mwenyewe atajizuia kuvuta vumbi.

"Mkuu, naomba kuuliza." Alikuwa Mama Pacha, mkwangua rangi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, vumbi tupu kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Wanangu wananirukia nikifika tu mlangoni. Nesi kaniambia vumbi la nguoni linawaharibu watoto akili. Jana nimewakimbia ndani ya nyumba yangu mwenyewe, wakalia mpaka wakalala. Mimi sitaki makubwa. Nipe maji nioge hapahapa, basi."

"Mama, suala la kuoga ni mtambuka," Mkurugenzi alimjibu kwa upole. "Lipo kwenye awamu ya tatu."

"Na wanangu niwaambieje?"

"Wahamasishe."

Mama Pacha akasonya, sonyo refu, mpaka kipaza sauti kikalinasa.

Ili kuonyesha mfano mbele ya waandishi wa habari, Mkurugenzi akakunja mkono wa shati awe wa kwanza kupimwa. Damu ya kiongozi, alifafanua, ni dira. Nesi akamchoma kidole, akatia tone kwenye kimashine chake. Wakasubiri. Nesi akakitazama kimashine, akamtazama Mkurugenzi, akapima upya.

"Mkuu, yako imezidi. Tena sana."

"Mashine mbovu hiyo."

"Ofisi yako ni ipi?"

Kila mtu aliijua. Dirisha lake lilikuwa wazi kutwa, pembeni kabisa ya jukwaa walilopanda mafundi kukwangua ukuta, maana alipenda kuwasimamia akiwa amekaa. Mezani palikuwa na sahani ya karanga isiyofunikwa, naye alizitafuna huku akilamba vidole.

Mkurugenzi akacheka kidogo, akaingia garini. Gari likafika getini, geti likabaki limefungwa. Mlinzi alikuwa mtu pekee katika idara nzima aliyetekeleza maagizo kama yalivyotolewa.

"Samahani, mkuu. Hujaeleza umeyapataje."

"Wewe! Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua sana, mkuu. Ndiyo maana naogopa kuvunja agizo lako."

Mkurugenzi akageuka kuitafuta Kamati. Kamati ilikuwa inaangalia simu zake.

"Sikutorosha kitu!" alifoka. "Vumbi limeniingia tu, nikiwa kazini!"

"Kumbe huwa linaingia lenyewe?" aliuliza Mama Pacha, aliyekwisha kufika hapo na mafundi wote nyuma yake.

"Utalizuiaje? Ukuta mkavu, mnakwangua, linaruka!"

"Kwa nini ukuta ni mkavu, mkuu?" mlinzi aliuliza kwa heshima zote.

"Kwa sababu maji yalikatazwa."

"Na nani?"

Waandishi wakasogeza vinasa sauti. Mkurugenzi alifungua mdomo aitaje Kamati, ghafla akamkumbuka mjukuu wake, anayempanda mapajani kila jioni kabla hajavua koti, na kumnyonya tai. Aliogopa, aliogopa kwelikweli.

"Na mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Leteni maji."

Mlinzi akapiga saluti. "Asante, mkuu. Basi mafundi wote ruksa kutoka hata wakikutwa nayo, maana aliyewabebesha amepatikana. Wewe utasubiri kidogo."

Turubai likafungwa kwenye maegesho likawa bafu, na bomba lilikuwa mbali, nyuma ya jengo. Alihitajika mtu wa kubeba ndoo. Mafundi walikuwa kwenye foleni ya kuoga, Kamati ilikuwa na mikoba, na Mkurugenzi hakuwa na ruhusa ya kwenda popote. Akavua koti, akabeba, maji yakimmwagikia viatuni.

"Mkuu!" Mama Pacha alipaza sauti kutoka nyuma ya turubai. "Lete nyingine, nywele bado!"