Mizania Yangu Isiguswe

Jumatatu, 3 Machi
Profesa katupanga wawiliwawili kwa wasilisho la Ijumaa. Darasa zima la uzamili, watu tele, na mimi nimeangukia kwa binti yangu. Yuleyule niliyemfundisha kujumlisha kwa vidole. Nilimfuata Profesa koridoni, nikamweleza kwa heshima zote kwamba damu na taaluma havikai chungu kimoja. Akasema alipiga kura. Nikamwuliza kura ilisimamiwa na nani. Akafunga mlango wa ofisi taratibu, mimi nikiwa nje.

Mada ni mikataba ya kukodi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinasema kampuni ikikodi jengo kwa miaka kadhaa, haki ya kulitumia ni mali yake na kodi itakayolipa ni deni. Vyote viingie kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Upuuzi. Nimekuwa mhasibu mkuu tangu binti hajaota meno. Kodi ni gharama. Unalipa, unaandika, unakwenda kula. Kitu cha watu hukiingizi kwenye mizania yako.

Binti anasema hatukuombwa maoni. Tukifeli, somo tunalirudia mwakani, na kazi anayoiomba kwenye bodi ya wahasibu inaota mbawa. Nimemwambia msimamo ni msimamo.

Jumanne, 4 Machi
Binti kamaliza slaidi zote bila kunishirikisha. Nimejitolea kurekebisha ukubwa wa herufi. Kanipa faili kwa sharti kwamba maneno nisiyaguse. Sijagusa hata neno lake moja. Nimeongeza yangu tu. Slaidi tatu, katikati, kichwa chekundu: Kiwango Hiki Kimepotoka.

Kesho nitampa mkono wa udugu na kumwambia herufi zimependeza.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi sebuleni mbele ya mke wangu. Nilishika kompyuta mwenyewe na kuziruka slaidi zangu kwa ustadi mkubwa. Mke akauliza kati yetu nani anamfundisha nani. Nikamwambia sisi ni wenza. Akasema basi mwenza mmoja akaoshe vyombo. Binti alikuwa ameshakimbilia chumbani. Nimeosha. Kichwa juu.

Ijumaa, 7 Machi
Jopo lilikuwa Profesa na mama mmoja wa bodi ya wahasibu, miwani yake ina mnyororo. Binti kaanza vizuri. Kisha slaidi nyekundu ikatokea. Alinitazama mara moja tu. Nikasimama, nikakishambulia kiwango aya kwa aya.

Yule mama akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mzee, umekodi duka miaka mitano. Mwaka wa pili mwenye duka anakuambia uhame. Utafanyaje?"

"Sihami."

"Kwa nini? Duka si lako."

"Jengo si langu. Kulitumia ni haki yangu mpaka mkataba uishe. Akileta za kuleta, tutaonana mahakamani."

"Na haki hiyo ina thamani?"

"Kubwa sana, mama."

"Mbona haimo kwenye mizania yako?"

Darasa likaangua kicheko. Nikaomba maji.

Hapo binti akainuka. Akasema kwa utulivu kwamba mwenzake aliigiza mpinzani makusudi, ili udhaifu wa hoja hiyo usikike kutoka kinywani mwa anayeitetea. "Tulipanga hivyo," akasema. Hatukupanga chochote.

Njiani alitangulia hatua kumi mbele yangu. Tulipofika kwenye ngazi za nyumbani akasimama.

"Baba, ungenikosesha kazi."

Nikasema nilikuwa natetea msimamo wangu.

"Na mimi nani angenitetea?"

Nikainamia mfuko kutafuta funguo. Naandika hapa ijulikane kwamba kweli zilikuwa hazionekani.

Jumatatu, 10 Machi
Tumefaulu. Yule mama wa bodi kamwambia binti aanze kazi mwezi ujao. Mke wangu kamkumbatia binti mpaka miwani yake mwenyewe ikapinda. Mimi pia nilikumbatiwa, ingawa kwa mkono mmoja.

Profesa kaandika kwamba mbinu ya kuigiza mpinzani ilikuwa ya kipekee. Mbinu ile ni yangu. Nimemkumbusha binti hilo wakati wa chai, mara mbili, naye akaongeza sauti ya redio.

Mada inayofuata ni utambuzi wa mapato, yaani lini mauzo yaanze kuhesabiwa kuwa mapato. Nimesoma ukurasa wa kwanza wa kiwango chake na tayari kina makosa. Slaidi nyekundu nimeshazianza. Profesa katuruhusu safari hii tuchague wenza wenyewe. Binti alikuwa amehamia dawati la mbele kabla sentensi haijaisha. Waliobaki wote wakakumbuka kwamba wana wenza. Nimepangwa peke yangu.

Afadhali. Kiongozi wa kundi ni mimi, kundi ni mimi, na kwa mara ya kwanza tumekubaliana kwa kauli moja.