Kapeti la Mzee Mihayo Kabla ya Rozari

Jumatatu, 19 Mei
Mama Dorcas, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Igogo, katangaza: rozari ya Jumamosi ni kwangu. Kwangu! Mwaka jana waliniruka, wakaenda kwa jirani Josephat, eti kwake kuna marumaru. Tangu tumzike mke wangu, anayepiga hodi hapa ni msoma mita ya maji tu, naye hamalizi dakika. Safari hii watu watakaa. Tatizo kapeti. Februari nilimwaga mchuzi wa samaki, sato, likanuka, nikazoea. Wageni watakaa chini. Pua zao zitakuwa karibu mno.

Jumanne, 20 Mei
Nimeulizia njia. Kuna kunyunyiza magadi na kufagia. Kuna fundi wa povu na mashine ya kunyonya: kapeti halitoki sebuleni, linakauka siku hiyohiyo. Kuna pale wanapoosha magari: wanalipiga maji ya presha, linatakata kabisa, ila kukauka ni siku tatu. Mtu wa kawaida angechagua moja. Mimi nina akili! Nitawaita mafundi wa povu mmoja mmoja, kila mmoja anioshee kipande cha majaribio. Mafundi wanne, robo robo, kapeti limeisha bure.

Jumatano, 21 Mei
Kaja fundi wa kwanza, Elias. Kaniamkia vizuri, kasugua kipande cha ukubwa wa sinia. Likatokea ua jekundu, nilishasahau kama lipo. Kakaa dakika arobaini, kanywa chai vikombe viwili, kanisimulia habari za mama yake huko Magu. Dakika nimezihesabu kwa ajili ya kulinganisha ufundi tu. Alipoondoka nikaosha kikombe chake polepole.
Jioni kaja fundi wa pili, Obedi. Chai kakataa. Kaona kipande cha Elias, kauliza nani kafanya. Kumbe wanatumia mashine moja, wanaazimana! Kaondoka kanuna, hajasugua kitu. Mpango wa robo robo umeishia hapo.

Alhamisi, 22 Mei
Aibu! Kipande kimoja safi kimeliumbua kapeti zima. Nimemwaga mfuko mzima wa magadi, nikaongeza maji ili yashike. Yamekuwa uji. Harufu ya sato imeamka upya. Josephat kachungulia dirishani, kauliza napika nini. Nikasema kande. Akabaki amesimama pale, kama anangoja kukaribishwa. Nikavuta pazia. Hawezi kuja kunichunguza kabla ya siku yenyewe!

Ijumaa, 23 Mei
Nimesalimu amri, nimelipeleka kwa waosha magari. Siku tatu nilizisikia, lakini jua la Mwanza si mchezo. Limerudi zito, tumelibeba watu wanne hadi juu ya mawe nyuma ya nyumba. Saa kumi wakaja wale wadudu wa ziwani, wingu zima, wakatua kwenye unyevu na kunasa humo. Kapeti jeusi tii. Angalau sasa lina rangi moja.
Nimelia kidogo. Naandika ukweli, hakuna anayesoma.

Jumamosi, 24 Mei
Nilipanga kujifanya mgonjwa. Wakawahi. Watu ishirini na wawili! Sakafu tupu ya saruji. Akina mama wakatandika mikeka yao, tukasali. Halafu hawakuondoka! Evelina, mjane wa mtaa wa pili, kaingia jikoni bila kuuliza, kachemsha chai. Josephat kaimba besi. Nilikuwa nimesahau jinsi nyumba hii inavyovuma watu wakicheka. Wakati wa kuaga, Mama Dorcas kasema kwangu kuna nafasi, tufungie rozari za mwezi huu wa Maria hapahapa tarehe 31. Evelina kasema Jumanne atapita kunijulia hali. Nimefurahi hadi usingizi hauji.

Jumapili, 25 Mei
Leo nimetumia busara. Baada ya misa nimemwambia Mama Dorcas hapana, sebule yangu haifai kufungia mwezi ikiwa hivi. Kasema mikeka wanayo. Nikashikilia. Basi, rozari kaihamishia kwa Josephat. Evelina nimemwambia asije Jumanne, asubiri kapeti likauke. Kauliza litakauka lini. Nikasema nitamjulisha. Kaitikia tu, kaenda zake.
Nimekaa hapa peke yangu tangu saa saba, nawaza nilirudishe kwenye presha au nimwite Elias na povu lake. Kimya hiki, jamani! Lakini wangekuja kufanya nini humu, hata kapeti hakuna?