Antena Kando ya Tangi la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nimerudi kutoka kibandani kwangu nikamkuta mke wangu ndani ya chumba changu cha redio, futi ya kushonea shingoni, anapima dirisha. Nikamuuliza anapima nini. Akasema anapima tu. Mtu hapimi tu!

Baada ya chakula mambo yakawekwa wazi. Ameshona koridoni miaka minane, wateja wanampita mgongoni wakienda chooni, na mimi nina chumba kizima cha kuongea na watu nisiowajua. Nikamweleza kwamba redio ya ridhaa si kuongea, ni sayansi. Akauliza sayansi hiyo imeleta nini hapa nyumbani. Nikamwonyesha cheti cha mwaka jana. Nafasi ya kumi na moja! Akauliza walishiriki wangapi. Swali la kikatili. Walikuwa kumi na wawili, na yule wa mwisho alikatikiwa umeme.

Basi tumepatana. Jumamosi ni mashindano ya klabu, masafa ya VHF. Nikileta kikombe, chumba ni changu na hakizungumzwi tena. Nisipokileta, redio inahamia chini ya kitanda na cherehani inaingia. Nimekubali kwa kicheko cha dharau. Kisha nikaenda kukaa chumbani peke yangu, nikashika kiti changu kwa mikono miwili. Nakipenda chumba hiki. Nakipenda kupita kiasi.

Jumanne, 4 Machi

Adui ni mmoja tu: Mfamasia. Kikombe kimekaa kwenye kabati lake la kioo miaka minne, katikati ya vidonge vya minyoo, ili kila mgonjwa akione. Siri yake si akili. Siri yake ni mlima. Kila kituo unachokipata, hata kisicho cha klabu yetu, kilomita zilizo kati yenu ndizo pointi zako, na mawimbi haya hayakati kona. Ukikaa juu unafika mbali. Ukikaa chini unaongea na ukuta. Yeye amejenga mlimani. Mimi nimepanga nyuma ya ghala la saruji.

Nimekwenda dukani kwake kupeleleza. Nikajifanya nina kikohozi. Akaniuliza ni kikavu au cha makohozi, nikababaika, nikasema vyote viwili. Akafungua chupa palepale, akasimama mbele yangu kuhakikisha nimemeza kijiko. Chungu! Nikadokeza habari za antena, kijuujuu, kama mtu asiyejali. Akasema amenunua mpya, ndefu kuliko gari lake. Halafu akauliza kama Saa Mbovu naye atashiriki mwaka huu.

Ndivyo wanavyoniita klabuni, kwa sababu mimi ni fundi saa. Mwenyewe hujitambulisha kama Mzee wa Mawimbi. Jina hilo halijashika bado.

Jioni nimeanza kukohoa kweli.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Wazo la kishujaa!

Shemeji yangu, dada yake mke wangu, anakaa ghorofa ya sita, ya juu kabisa. Juu yake hakuna mtu: ni paa tambarare na tangi la maji, basi. Ukisimama pale unaliona ziwa mpaka upeo wa macho. Tatizo ni kwamba shemeji hana imani nami tangu nilipomtengenezea saa ya ukutani ikawa inakwenda kinyumenyume. Nikimwomba mahali pa antena atasema hapana kabla sijamaliza salamu.

Kwa hiyo sikuomba. Antena yangu ni bomba refu la alumini lenye vijiti kumi vilivyokingama. Ukiipachika juu ya mguu unaozunguka, ikalala, ni kianikio cha nguo kamili. Nimempelekea zawadi, nikaisimika paani kando ya tangi! Nikamwambia, shemeji, nguo zako zinateseka kwenye kamba, nimekuletea kianikio cha kisasa, unakigeuza utakavyo. Akakizungusha mara moja. Akasema hakujua kama nina moyo namna hiyo. Sauti ilimtetemeka!

Nikaongeza kwamba Jumamosi nitakuja kushinda nao, maana ndugu ni kutembeleana. Akasema karibu. Nimeshuka ngazi napiga mluzi. Wanawake hawa wawili ni werevu, lakini wamekutana na mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini. Mteja kaleta saa nzuri ya babu yake, imeganda. Nikamhoji mpaka akakiri kwamba huilaza juu ya spika kila siku. Nikamgombeza mbele ya watu. Nikamwambia sumaku na chuma ni maadui wa kila kitu chembamba kinachozunguka, na mtu mzima anapaswa kulijua hilo. Akaondoka kainamisha kichwa. Ujinga wa watu!

Mchana nikapeleka betri ya gari kule ghorofani, nimeifunga kwa kitambaa cha meza. Mlinzi wa getini akauliza ni nini. Nikasema keki. Akasema mbona natokwa jasho hivyo kwa keki. Nikasema ni keki ya harusi. Akaomba nimkumbuke kipande. Nikaahidi. Ghorofa sita, hakuna lifti. Ghorofa ya nne niliiweka keki chini nikailaani.

Ijumaa, 7 Machi

Matayarisho yamekamilika. Redio imefichwa ndani ya beseni la nguo. Waya umeshuka nyuma ya tangi, hauonekani.

Mwelekeo nimeupima kitaalamu. Vituo vingi viko kaskazini, kwenye miji ya bara. Paa ni tambarare kwa macho tu, lina matuta, sehemu pekee iliyo sawa kabisa ni juu ya tangi la maji, chuma kitupu, imara. Nikaiweka dira pale. Sindano ikatulia mara moja, haikutikisika hata kidogo. Dira nzuri sana! Nikaielekeza antena kaskazini, yaani kwenye jengo la benki. Nimeishi mji huu miaka ishirini bila kujua kwamba benki iko kaskazini.

Mke wangu kauliza kwa nini natabasamu. Nikamwambia nawapenda tu ndugu zake. Akanigusa kipaji cha uso kuona kama nina homa.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Nilimwambia shemeji napunga hewa paani, na saa mbili asubuhi mashindano yakaanza. Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kimya, isipokuwa Mfamasia, ambaye alisikika kila mahali, anapokea vituo mfululizo kama mtu anayehesabiwa mavuno. Kufika saa sita nilikuwa na kituo kimoja: Katibu wa klabu, mwalimu mstaafu, anayekaa mtaa wa pili. Kilomita moja. Akaniambia kwa upole kwamba ananisikia hata bila redio, kupitia dirishani.

Nilikata tamaa kabisa. Nilikiona kiti changu kinatolewa nje. Nilimwona mke wangu anatundika magauni kwenye misumari ya ramani yangu. Shemeji akaita chakula kiko tayari, nikashuka nikala bila kujua nakula nini. Yeye akapakua, akasema tuendelee, akapanda juu na ndoo.

Niliporudi, balaa! Mashuka manne kwenye antena! Yamebanwa kwa vibanio, na kwenye kijiti cha mbele kuna soksi za mume wake. Nikayabandua mashuka nikiwa karibu kulia. Kianikio kilikuwa kimesogea, pengine upepo, ingawa upepo haukuwepo. Sikujisumbua nacho. Dira ilikuwa palepale juu ya tangi na sindano haijasogea hata unywele. Nikaketi, nikavaa vipokea sauti vya masikioni, nikaita kwa mara ya mwisho, kwa heshima ya chumba.

Mwanamke akaitika! Sauti safi, kama yuko ndani ya tangi! Akanipa mraba wake wa ramani, yaani alama ya mahali alipo. Nikautafuta. Nikautafuta tena. Ng'ambo ya ziwa! Kilomita mia sita na themanini!

Joto lilikuwa limetulia juu ya maji tangu juzi, hewa imelala tabaka tabaka, na mawimbi yanapita katikati kama maji kwenye mfereji. Nimesoma kwamba hutokea. Sijawahi kukutana nalo, kwa sababu nyuma ya ghala la saruji halitokei lolote. Yule mama akasema nasikika kwa nguvu mno, akauliza natumia antena gani. Nikasema ya vijiti kumi. Soksi sikuzitaja. Akawaita wenzake wa huko, wakapanga foleni kuongea nami. Nami! Watu kumi na mmoja pamoja naye, wa ng'ambo wote! Mfamasia nikamsikia anaita upande huo huo kwa sauti ya kubembeleza, wala hapati kitu. Mlima wake uko nyuma ya mlima mwingine, ziwa halioni.

Saa kumi na mbili mashindano yakafungwa. Nililia kidogo. Nikajifuta kwa shuka la shemeji.

Jumapili, 9 Machi

Nimetuma orodha ya mawasiliano. Mfamasia kanipigia simu, anajifanya anaulizia kikohozi. Nikamwambia kimepona. Akauliza nimepata vituo vingapi. Nikasema kumi na viwili. Akacheka sana, akasema yeye mia moja na hamsini. Nikamwacha acheke. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, miguu mezani.

Jumamosi, 22 Machi

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Klabu nzima ilikutana kwenye chumba cha nyuma ya duka la vipuri. Nilikuja na mke wangu na shemeji, ili wawe mashahidi. Orodha zimekaguliwa, ya kila mmoja imelinganishwa na za aliowasiliana nao. Katibu akasoma kuanzia chini. Wa kumi na mbili, si mimi. Wa kumi na moja, si mimi! Mke wangu akaacha kuchezea mkoba. Tukabaki wawili. Mfamasia akajifunga vizuri kifungo cha koti.

Nafasi ya pili, Mfamasia, pointi elfu sita na ushei. Nafasi ya kwanza, pointi zaidi ya elfu saba, Saa Mbovu! Nikasahau hata kumsahihisha jina.

Nikatoa hotuba. Nikaeleza hesabu zangu zote, na jinsi nilivyoweka dira juu ya tangi. Mfamasia akanyanyua mkono, akauliza tangi ni la plastiki au chuma. Nikasema chuma, tena kizito. Akauliza ikiwa kweli nilisubiri dira isome kaskazini ikiwa imekalia tani nzima ya chuma. Nikasema ndiyo, na ilitulia vizuri kupita dira zote. Katibu akafunika macho.

Hapo shemeji akasimama. Akasema kwa nia njema kabisa kwamba kianikio kilikuwa kinatazama benki, kwenye kivuli, ndiyo maana yeye akakigeuza kikaangalia ziwani, mashuka yapate jua. Akaongeza kwamba ni zawadi nzuri, ila vijiti ni vyembamba. Watu wakacheka kwa furaha ya ushindi wangu.

Mfamasia akaruka. Pingamizi! Eti nimejiandikisha kushindana peke yangu, kumbe antena imeelekezwa na mtu wa pili, kikombe kirudi kabatini. Katibu akamuuliza shemeji kama siku ile alikuwa anajua ile ni antena. Shemeji akasema antena gani? Kisha akanigeukia polepole. Katibu akaamua: huyu alikuwa anaanika, hakuwa anaendesha kituo, na hakuna kanuni inayokataza kuanika. Kikombe ni cha Saa Mbovu.

Wivu wa Mfamasia umenisikitisha. Mtu anashindwa kwa haki, anasingizia tangi.

Jumapili, 23 Machi

Kikombe kiko mezani. Mke wangu ni mtu wa ahadi: amesema chumba ni changu na hatalizungumza suala hilo tena. Na hakulizungumza. Aliuliza tu, akimenya kitunguu, kwa nini bingwa arudi nyuma ya ghala la saruji wakati ameshaonja paa.

Swali zuri! Nikaona mbali mara moja. Nikaenda kwa shemeji mwenyewe, nikaomba paa liwe kituo changu cha kudumu. Nilidhani ataninyonga kwa ile zawadi. Hakuninyonga. Amekubali, mradi kila Jumamosi nimpandishie ndoo za nguo na kianikio kibaki chake. Masharti ya bure kabisa! Mlinzi naye ametulizwa, ingawa ilibidi ninunue keki ya kweli.

Kwa hiyo leo nimehamisha kila kitu, na chumba nimemwachia mke wangu, kwa hiari yangu mwenyewe. Hakuamini! Cherehani imeingia kabla sijamaliza kutoa kiti. Ana mapazia tayari, yanatosha dirisha sawasawa. Mwanamke ana jicho la ajabu. Kikombe ameniachia nafasi koridoni, juu ya kile kimeza kilichokuwa chake, njiani kwenda chooni, ambapo kila mteja atakiona. Kabati la Mfamasia litafua dafu?

Kwa ajili ya mwaka ujao nimeanza mapema. Nimepanda paani na waya na koleo. Dira nimeifunga moja kwa moja kwenye tangi, isisogee tena hata mtu akianika.